Mgonjwa Mwenye Khofu ya Kung'olewa Jino, Atulizwe kwa Nini?

Tulipanda vilima vya Kalinzi kwa ajili ya kahawa. Nia yetu ilikuwa kuwaandikia wasomaji khabari za wakulima wa upande ule wa Kigoma, namna waitunzavyo mibuni yao na bei waipatayo. Na inshaallah khabari hizo zitakuja siku nyingine. Lakini nyumba tuliyokaribishwa ilikuwa na jambo lililowashughulisha wote, nasi tukarudi na makala tusiyoikusudia.

Bibi wa nyumba, mwanamke wa makamo, alitupokea kwa bashasha, akatuandalia ugali wa muhogo na migebuka iliyopandishwa kutoka ziwani. Yeye mwenyewe hakugusa kitu. Shavu la kushoto amelifunga kwa kanga. Tulipomuuliza hali, mumewe ndiye aliyejibu:

"Ana gego bovu, huu mwezi wa tatu. Mchana yeye hulisahau. Usiku lenyewe halimsahau."

Gego bovu si jambo geni. Lililotushangaza ni kwamba tabibu wa meno hakuwa mbali, nauli ilikuwapo, na mume alikuwa tayari kumpeleka siku yoyote. Kilichozuia ni khofu tupu. Alipokuwa msichana wa kama miaka kumi na miwili, bibi huyu alipelekwa kung'olewa gego la chini, mahali ambapo hatutapataja. Alipigwa sindano, na kabla ufizi haujafa ganzi koleo likaingia. Watu wazima watatu walimshika, mmoja kichwa, wawili mikono. Jino likakatika, likatolewa vipande vipande. Tangu siku ile, alituambia, akisikia tu harufu ya dawa za hospitali viganja humtoka jasho. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; naye huyu aliumwa kweli.

Jioni, baada ya sala ya Magharibi, shauri likaletwa barazani, nasi tukaombwa tusikilize. Rai zilikuwa tatu. Mtoto wa kwanza wa nyumba, afanyaye kazi Dar es Salaam, alisema kwa simu kwamba mama asafirishwe mpaka hospitali kubwa, apigwe nusukaputi, alale, na akiamka jino limekwisha toka. Shemeji yake, mfanyabiashara wa Ujiji, aliona hizo ni gharama za bure. Vipo vidonge vya usingizi, alisema. Ameze viwili au vitatu hapa hapa nyumbani, kisha apakizwe bodaboda apelekwe kwa tabibu akiwa hajui mbele wala nyuma. Ami yao, mzee mwenye heshima zake, hakupendezwa na moja wala la pili. Alitukumbusha kisa cha Urwa bin Zubayr, mwanachuoni mkubwa wa Madina katika zama za Tabiina, ambaye wapokezi husimulia kwamba alikatwa mguu ulioliwa na maradhi, akakataa kunywa kitu cha kumwondoa akili. Basi mama naye asubiri, asome dua zake, na vijana wamshike.

Wote watatu walimpenda, wala hakuna aliyesema neno kwa ubaya. Walakini katika rai hizo moja ilikuwa nzito kuliko haja, moja ilikuwa na khatari ya mauti, na moja ndiyo ile ile iliyomtia khofu tangu utotoni. Usiku ule hatukuweza kuyasema haya kwa hoja. Tulisema hatujui, tukaahidi kuuliza. Tumewauliza matabibu wa meno na wa dawa za usingizi, tumesoma, na tuliyoyapata tunayaandika hapa, kwa kuwa nyumba yenye mgonjwa wa namna hii si moja.

Kwanza lazima tueleze kwa nini kungoja kuna bei yake. Jino lililooza mpaka kiini halijiponyi. Maumivu yaweza kupoa kwa siku kadhaa, tena mgonjwa akashukuru akidhani amepona, kumbe kiini kimekufa na usaha unatafuta njia. Mafuta ya karafuu hutuliza uchungu kwa saa chache, na dawa za kuua vijidudu hupunguza uvimbe, lakini chanzo hubaki pale pale katika jino. Usaha wa magego ya chini huweza kuteremka chini ya ulimi na shingoni, ukaziba njia ya pumzi. Daktari Mjerumani aitwaye Ludwig aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1836, na mpaka leo yanaua. Mtu akiona uvimbe umeingia chini ya taya, kinywa hakifunguki, mate hayamezeki, ana homa au pumzi inambana, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Hapo hapana tena mashauri ya barazani.

Sasa turudi kwa yule ambaye hajafikia huko. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni maumivu na khofu. Maumivu huondolewa na ganzi. Khofu hupunguzwa na utulizaji, uwe wa maneno, wa gesi, wa kidonge au wa dawa ya mshipani. Dawa ya kutuliza haishiki nafasi ya ganzi. Mtu aliyetulizwa bila ya ganzi atalisikia koleo, ila huenda asiweze kulalamika sawasawa, au akasahau baadaye kwamba alilalamika. Na sisi hatuoni kwamba uchungu uliosahauliwa ni uchungu ambao haukuwapo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa tabibu yeyote, kabla ya kutaja usingizi, ni hili: ganzi itapigwa vipi, na tutangoja muda gani?

Dawa ya ganzi itumikayo zaidi leo ni lidokeini, ambayo wengine huiita lignokeini, iliyoundwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943. Kabla yake watu walitumia prokeini ya Mjerumani Alfred Einhorn, iliyouzwa kwa jina la Novocain. Dawa hizi huziba njia ya khabari ndani ya mshipa wa fahamu, uchungu ukatoka jinoni usifike kichwani. Kwa meno ya juu dakika chache hutosha, kwa sababu mfupa wake ni mwepesi na dawa hupenya. Taya la chini ni gumu. Tabibu hulazimika kuutafuta mshipa wa fahamu nyuma kabisa, mahali uingiapo mfupani, kisha angoje dakika tano, kumi, pengine zaidi, mpaka nusu ya mdomo wa chini ife ganzi hata katikati ya kidevu. Penye usaha dawa hudhoofika, kwa kuwa mahali pale pamekuwa pachachu, na huenda sindano ya pili ikahitajika. Msomaji sasa anaona lililompata yule msichana wa miaka kumi na miwili. Dawa huenda haikuwa na kosa, wala moyo wake haukuwa dhaifu kuliko wa wengine. Hakuna aliyengoja.

Yapo na mengine mawili ambayo mgonjwa akiambiwa mapema hupunguza nusu ya khofu yake. Ganzi huondoa uchungu lakini haiondoi msukumo. Atasikia taya linasukumwa na jino linatikiswa, atasikia hata mlio, na hilo si dalili kwamba ganzi imeshindwa. Tena katika dawa hutiwa adrenalini kidogo ili ikae zaidi, na mara nyingine moyo huenda mbio kwa dakika moja au mbili. Asiyejua hudhani anakufa. Aliyeambiwa hungoja upite.

Ipo na hekima ya zamani inayofaa hapa. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, katika kitabu chake cha tiba aliwaonya wang'oaji kwamba uchungu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima, likang'olewa hilo, na uchungu ukabaki. Basi kumwuliza mgonjwa, kugonga jino moja moja na kuhakikisha, ni kazi ifanywayo angali macho na akili yake iko naye. Ni sababu moja zaidi ya kutomletea tabibu mtu aliyelewa vidonge.

Na khofu yenyewe yaweza kupimwa. Matabibu wana maswali matano mafupi: wasikiaje ukijua kesho waenda kwa tabibu wa meno, ukiwa unangoja zamu yako, ukichongwa jino kwa mashine, ukisafishwa ugaga, ukipigwa sindano ya ufizi. Kila jibu lina alama 1 mpaka 5, tangu utulivu hata khofu kuu, hivyo jumla ya chini ni 5 na ya juu ni 25. Afikaye 19 na zaidi huhesabiwa kuwa ana khofu kubwa mno. Tulimsomea bibi wa Kalinzi maswali haya, akapata 23. Mumewe, aliyekuwa akimcheka kidogo, alipata 17, akanyamaza.

Kwa mtu wa alama kama hizo, ziko njia nne juu ya ganzi, nazo tutazieleza kutoka nyepesi hata nzito.

Ya kwanza ni maneno na mwendo. Msomaji asiidharau kwa kuwa haina chupa wala bei. Mgonjwa apewe nafasi ya asubuhi, awe wa kwanza, asikae saa tatu akisikia vilio vya wengine. Aelezwe kila kitu kabla hakijafanyika, kwa lugha anayoifahamu. Na kama Kiha humtuliza zaidi kuliko Kiswahili, asemeshwe Kiha. Wapatane alama ya mkono: akiinua, kazi inasimama, na isimame kweli, kwa maana mara moja tu ikipuuzwa imani yote imekwisha. Awe na mtu wake karibu. Siku ya kwanza yaweza hata kuwa ya kukaa kitini na kutazamwa tu, kama hapana haraka ya maradhi.

Ya pili ni gesi, ile iitwayo gesi ya kuchekesha, kwa jina lake naitrasi oksaidi. Kisa chake chafaa kusimuliwa. Mwingereza Priestley aliipata mwaka 1772, na mwaka 1800 mwenzake Davy akaandika kwamba huenda ikafaa katika upasuaji, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini watu waliitumia kwa mchezo tu. Desemba 1844, katika mji wa Hartford huko Marekani, tabibu wa meno Horace Wells alikwenda kutazama mchezo huo, akamwona mtu aliyevuta gesi amejiumiza mguu na hana khabari. Kesho yake akaivuta mwenyewe, akang'olewa gego na mwenzake, asisikie kitu. Mwezi uliofuata akaenda Boston kuwaonyesha madaktari, lakini mfuko wa gesi ukaondolewa mapema mno, mgonjwa akapiga kelele, na wanafunzi wakamzomea Wells. Alifariki mwaka 1848 kabla heshima yake haijarudi, na mpaka 1863 ndipo Gardner Colton, aliyekuwa mwenye mchezo ule wa Hartford, alipoirudisha gesi katika kazi ya kung'oa meno. Kosa la Boston na kosa la utotoni mwa bibi wetu ni ndugu.

Leo gesi hii huchanganywa na oksijeni nyingi na kuvutwa puani kwa kifuniko kidogo. Tabibu huanza na kiasi kidogo akiongeza polepole, na kwa kawaida nusu kwa nusu hutosha. Mgonjwa hubaki macho, husikia, hujibu, ila mwili huwa mwepesi na khofu husogea mbali. Kazi ikiisha huvuta oksijeni tupu kwa dakika chache, na gesi humtoka. Kwa mtoto mwoga au mtu mzima mwenye khofu ya wastani, wengi huiona ndiyo njia bora, kwa kuwa huongezwa na kupunguzwa saa ile ile. Haimfai mwenye pua iliyoziba, wala mwenye maradhi makubwa ya kifua, wala mwanamke aliye katika miezi ya mwanzo ya mimba, naye aseme hali yake hata kama haijaonekana. Taabu yake kwetu ni mashine. Hizi hupatikana zaidi katika kliniki za miji mikubwa, na mtu wa vilimani asifunge safari kabla ya kuuliza kwa simu kama iko na kama inafanya kazi.

Ya tatu ni kidonge, na hapa ndipo tunapotaka shemeji wa Ujiji atusikilize vizuri. Vidonge vya Valium vimekuwapo tangu mwaka 1963, na katika mkono wa tabibu vina manufaa. Dawa hutolewa baada ya mgonjwa kuulizwa maradhi yake, kwa kipimo kimoja, mbele ya mtu wa kumwangalia. Lakini kidonge kikishamezwa hakirudi. Kwa huyu hufanya kazi katika nusu saa, kwa yule katika saa moja na zaidi. Asiyejua hungoja kidogo, akaona kimya, akaongeza cha pili, na vyote viwili vikaja pamoja. Mzee humtosha kiasi kidogo kuliko kijana. Anayekoroma sana usiku, mwenye pumu kali au maradhi ya mapafu, mnene mno, au anayetumia dawa nyingine za usingizi au dawa kali za maumivu kama tramadoli, pumzi yake yaweza kupungua polepole mpaka ikakoma, na aliye karibu akadhani amelala vizuri. Pombe huzidisha khatari hiyo. Tumesikia wako wanaompa mgonjwa kinywaji cha haramu ili apate ujasiri. Hao humkosesha mambo mawili kwa mara moja.

Na bodaboda! Mtu mwenye usingizi wa dawa, juu ya pikipiki, katika kona za mteremko wa kuelekea Mwandiga: hata jino lenyewe halijaguswa, na huenda akaanguka njiani. Dawa za namna hii hukaa mwilini kwa saa nyingi, nyingine hata kesho yake. Aliyezimeza asipande wala asiendeshe chombo peke yake, asipike penye moto, asinyonyeshe bila ya kumwuliza tabibu, wala asitie sahihi yake katika karatasi ya mauzo siku ile. Kuhusu watoto hatutaki kuacha shaka: mzazi asimpe mtoto dawa yoyote ya usingizi nyumbani kabla ya kwenda kwa tabibu wa meno. Watoto wamekufa njiani, wamelala kwenye kiti cha gari, shingo imekunjika, na mama akishukuru kwamba wametulia.

Dawa ya mshipani twaiunganisha na kidonge, maana mara nyingi ni ya jamii ile ile, nayo ni midazolamu. Hutiwa kidogo kidogo mpaka maneno ya mgonjwa yawe mazito, hapo husimamishwa. Mgonjwa huwa kama asinziaye, hujibu akiitwa, na baadaye hakumbuki mengi. Ni njia nzuri kwa mtu mwenye khofu kubwa na kazi ndefu, kwa sharti kwamba yupo mtu wa pili aliyefundishwa, ambaye hana kazi nyingine illa kutazama pumzi, pamoja na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima hewa ya damu, na oksijeni, na flumazenili, dawa ya kuiondoa ile ya kwanza. Mahali ambapo mtu mmoja huyo huyo anang'oa, anatia dawa na kutazama pumzi, msomaji ashukuru na aondoke.

Ya nne ni nusukaputi, usingizi kamili, ambao hutolewa katika chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi. Mgonjwa hukaa bila ya chakula saa 6, na maji matupu huachwa saa 2 kabla. Mtoto wa kwanza wa nyumba ile hakukosea kuitaja; alikosea kuiona kuwa ya kuanza nayo. Kwa gego moja la mtu mzima anayeweza kukaa na kufumbua kinywa, ni kumvusha mto kwa meli. Lakini jirani wa nyumba hiyo ana mtoto wa miaka minane aliyezaliwa na upungufu wa akili, meno sita yameoza, na kila akiguswa kinywa hujipiga kichwa ukutani. Kwa mtoto huyo maneno hayafiki, sindano ya ganzi akiwa macho ni vita, na kumshika ni kumwumiza. Kwake nusukaputi ni rehema, na meno yote sita hutibiwa kwa mara moja. Tulimshauri mama yake aende na barua ya tabibu mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, akaulize, na kama haiwezekani pale aelekezwe penginepo. Alituuliza kama watu watamwona mama mbaya kwa kumlaza mtoto kwa ajili ya meno. Twasema hapana.

Kabla ya kuiacha ngazi hii, twapenda kutaja jambo ambalo Watanzania wengi hawajui kuwa lilizaliwa kwao. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa kutibu meno vijijini, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kusafisha matundu ya meno kwa vifaa vya mkono peke yake na kuyaziba kwa saruji maalumu inayoshika jino, bila ya umeme wala mashine. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo, na sasa hutumika katika nchi nyingi. Hapana mlio wa kuchonga, na mara nyingi hapana sindano. Haiwezi kuliokoa gego lililokwisha kufa kama la bibi yetu, lakini tundu dogo la mtoto likizibwa hivyo mapema, hapatakuwa na shauri la usingizi barazani miaka kumi baadaye.

Zimebaki hoja za dini, ambazo ami alizigusa, nasi hatuwezi kuzipita. Subira ya Urwa ilikuwa yake, radhi za Mungu ziwe juu yake. Hakumlazimisha mtu mwingine kuifuata, wala wanavyuoni hawakuifanya sharti. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake husomwa katika darsa zetu za pwani na bara, alitaja mtu anayehitaji kukatwa mkono ulioliwa na maradhi, kama yajuzu kumwondoa fahamu kwa dawa, na akaona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yajuzu. Kuhusu saumu, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ilipokutana Jeddah mwaka 1997 ilipitisha kwamba kung'oa jino, kuliziba na kulisafisha hakufunguzi, maadamu mtu anajizuia kumeza. Wala sindano isiyo ya chakula, wala gesi ya usingizi, ikiwa mgonjwa hakutiwa maji ya lishe. Kidonge kinachomezwa ni chakula cha tumbo kama kingine, hicho hufunguza, na mgonjwa ana rukhsa ya kula na kulipa.

Aliyepotewa na fahamu hutawadha upya. Ganzi ya mdomoni peke yake haimharibii mtu udhu. Na hapa pana jambo dogo ambalo wengi huliharibu: siku ya kwanza baada ya kung'oa, kidonge cha damu kilicho katika tundu ndicho dawa yake, na kusukutua kwa nguvu hukitoa. Kwa sisi wafuasi wa Shafii kusukutua katika udhu ni sunna, basi siku hiyo mtu aache, au aingize maji taratibu na kuyaacha yaanguke yenyewe. Mwanamke atakayetulizwa kwa dawa ana haki ya kuwa na mumewe au mwanamke mwenziwe ndani ya chumba mpaka aamke vizuri, na akinyimwa aulize sababu.

Haya yote tuliwapelekea watu wa Kalinzi kwa simu, kidogo kidogo, kila tulipojibiwa. Bibi aliyasikiliza, kisha akasema atakwenda kwa sharti mbili: hatashikwa, na akiinua mkono watamwacha. Mumewe alikwenda kwanza peke yake kumweleza tabibu, jambo ambalo sisi hatukulifikiria, nalo lilifaa kuliko mengi tuliyoyaandika. Tabibu alimpima bibi presha, akaikuta juu kidogo. Akamwuliza kama hukoroma, na mume akajibu kwa haraka kupita adabu. Kwa sababu hizo mbili hakupenda kumpa kidonge. Wakapatana kuijaribu ganzi kwa utulivu, na kama itashindikana ataandika barua ya Maweni siku hiyo hiyo, pasi na lawama.

Alipakwa kwanza dawa ya kufisha ngozi ya ufizi, ndipo sindano, taratibu. Wakangoja robo saa. Tabibu akagusa kwa ncha ya kifaa. Bibi akainua mkono. Kazi ikasimama, ikapigwa sindano ya pili, wakangoja tena. Aliinua mkono mara tatu kwa jumla. Mara ya tatu, mumewe anasema, hapakuwa na uchungu wowote. Alitaka kuona tu kama watasimama. Walisimama.

Siku ya nne alizungumza nasi mwenyewe. Gego amelifunga katika kitambaa, analiweka sandukuni, na alishangaa kuliona dogo vile. Mumewe ana tundu katika jino la juu, upande wa kulia. Tulipomwuliza amepanga siku gani, alisema kahawa inachumwa sasa, atazame mbele.